Chatu aliyefifia rangi, na fedha za kikoba cha mama

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Nkuhungu hapa Dodoma pamoja na mama, dada yangu na mtoto wake wa miaka miwili. Nilisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) hadi kidato cha sita, alama hazikunifikisha chuo nilichotaka, na sasa nina kibanda cha vifaa vya simu karibu na soko la Majengo.

Tangu nikiwa shule napenda nyoka. Wenzangu wakikimbia, mimi nasogea kuangalia. Siku hizi kila usiku natazama video za wafugaji wa Marekani na Uingereza wanaozalisha wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi, chatu mpira, wanaojiviringa wakiogopa. Wapo weupe wenye michoro ya njano, wapo wenye mabaka meupe mwili mzima, wapo wa rangi ya ndizi. Nyoka mmoja anauzwa kwa dola ambazo mimi sizioni kwa mwaka.

Rafiki yangu aliyeko Dar es Salaam amepata mtu mwenye jozi, dume na jike. Kwa macho ni wa rangi ya kawaida, kahawia na nyeusi, lakini muuzaji anasema wote wawili wamebeba ualbino, kwa hiyo wakizaana watatoka weupe. Anataka shilingi milioni nne. Nimeshatoa laki tatu ya kushikilia. Mama amekubali kunipa milioni mbili kikoba chao kikivunjwa mwezi ujao. Nimemwambia ni mradi wa mifugo. Hakuuliza mifugo gani, nami sikusema. Yeye ana kuku wake wa kienyeji, vishingo wenye shingo tupu na vidimu wenye manyoya yaliyokunjika, ndio wanaotusitiri mwisho wa mwezi, ila kuku hawawezi kunitoa.

Kuna jambo la pili. Jamaa mmoja wa Bahi alikuta chatu mchanga kwenye majaruba ya mpunga. Badala ya kumuua akaniletea, maana anajua napenda. Hajafika urefu wa mita moja. Nimemweka kwenye sanduku la mbao stoo. Alikuja wa kahawia, lakini siku hizi chache amepauka, anaelekea kijivu cheupe, macho yameingia rangi ya bluu na panya anakataa. Nahisi ni rangi adimu inajitokeza. Huyo jamaa anasema yupo mganga anayetoa fedha nzuri kwa chatu mweupe, mimi nataka kumtumia kwa uzazi.

Shangazi, niiweke hiyo fedha? Na je, chatu wa Bahi naweza kumpandisha na hao wa Dar?

Mpenda Nyoka, Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na aliyeko stoo, maana yeye hawezi kungoja tumalize hesabu. Ngozi kupauka, macho kuingia ukungu wa bluu, kukataa chakula: hizo ni dalili za nyoka anayejiandaa kujivua gamba. Gamba jipya linaota chini ya la zamani, na katikati ya hayo mawili huingia majimaji yanayofanya mwili wote uonekane umefifia. Jicho nalo hufunikwa na gamba lake angavu, kwa kuwa nyoka hana kope za kufumba, ndiyo maana linapata ule ukungu. Siku chache kabla ya kujivua macho husafika tena, kisha gamba hutoka na rangi yake ya kahawia inarudi, tena imeng'aa kuliko mwanzo. Mchanga anayekua hupitia haya mara kadhaa kwa mwaka. Chatu mwenye ualbino hutoka kwenye yai akiwa hivyo, na macho yake mekundu au ya waridi. Haumjii ghafla ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo usimbandue gamba kwa mkono, usimshikeshike, usimlazimishe kula. Mwekee bakuli la maji safi, pawe na giza na utulivu. Na panya aliye hai usimwachie humo usiku kucha, kwa sababu panya asipoliwa humtafuna nyoka. Stoo ifungwe kwa kufuli. Nyoka hata mwenye afya anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, na watoto wadogo ndio vinaowaumiza zaidi. Mjomba mtu, kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba huyo wa miaka miwili ni lazima.

Ila huyo chatu si wako, na hili nalisema bila kupepesa. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na kumweka bila leseni ni kosa. Wengi wanadhani nyara ni pembe na ngozi tu. Katika sheria hiyo mnyama aliye hai naye ni nyara. Kesi za kukutwa na nyara za serikali mara nyingi hufunguliwa kama uhujumu uchumi, na huko dhamana haipatikani kirahisi kama kwenye kesi ya ugomvi wa mtaani. Hutaki mama yako awe anapanda daladala kwenda mahakamani kwa ajili ya sanduku la mbao. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wako, mweleze alivyofika, kisha mwende pamoja kwa afisa wanyamapori au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, mumkabidhi. Waambie alitoka kwenye majaruba gani huko Bahi, ili wenye kazi yao waamue pa kumrudisha. Usiende kumwachia mwenyewe kwa siri kwenye korongo la karibu. Watu wakimkuta huko watamuua, na ukikutwa njiani na gunia lenye chatu hakuna atakayeamini maelezo yako.

Habari ya mganga nimeisoma mara mbili. Katika nchi hii tumezika watu wenye ualbino, wakiwemo watoto, kwa sababu kuna waliouziwa uongo kwamba weupe wa ngozi una utajiri ndani yake. Anayenunua chatu mweupe kwa uganga analisha uongo huohuo. Wewe umesoma baiolojia, unajua ualbino ni nini: mtoto amepokea nakala isiyofanya kazi ya jeni ya rangi, yaani maagizo ya mwili ya kutengeneza rangi, kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wazazi wote wawili walikuwa wameibeba bila kuonekana. Hakuna laana humo, hakuna mama wa kulaumiwa, hakuna dawa. Mweleze hivyo jamaa yako wa Bahi, tena mweleze mbele ya watu.

Na kwa kuwa umeshafika kwenye nakala mbili, twende kwenye ile jozi ya milioni nne. Ualbino wa chatu mpira hufuata njia hiyohiyo. Nakala moja nzima inatosha kutengeneza rangi nyeusi, kwa hiyo aliyebeba nakala moja mbovu anafanana kabisa na asiye nayo. Huwezi kumtambua kwa macho, na muuzaji hawezi. Kinachothibitisha ni ukoo: mzazi mmoja akiwa mweupe, kila mtoto wake lazima abebe. Kitu kingine ni kipimo cha vinasaba, ambacho huhitaji kipande tu cha gamba lililovuliwa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eastern Michigan huko Marekani walichapisha utafiti uliotumia magamba yaliyotumwa na wafugaji wa kawaida, wakaonyesha kwamba kasoro iko kwenye jeni ya tairosinasi, kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kutengeneza rangi nyeusi. Sasa muulize muuzaji wako: wazazi wao ni nani, picha ziko wapi, majibu ya kipimo yako wapi? Kama hana hata kimoja, anakuuzia nyoka wawili wa kahawia kwa bei ya hadithi, nawe utaugundua ukweli baada ya miaka.

Nasema miaka kwa sababu jike huhitaji kama mitatu hivi kukomaa. Akikomaa hutaga mayai machache, sita hivi kwa wastani, na si kila mwaka. Tuseme basi muuzaji ni mkweli na wote wawili wamebeba. Kila yai lina robo ya nafasi ya kutoa mweupe, na halijui mwenzake limetoa nini. Mayai sita yote yanaweza kutoka kahawia, na uwezekano wa hilo ni karibu asilimia 18. Katika hao wa kahawia, theluthi mbili wamebeba na theluthi moja hawakubeba, nawe huna jicho la kuwatenganisha. Hapo utajikuta unamwambia mteja maneno yaleyale unayoambiwa wewe leo. Mayai yenyewe yanataka joto la nyuzi 31 au 32 kwa muda wa miezi miwili bila kuyumba, na hewa yenye unyevu mwingi. Wewe upo Dodoma, kiangazi kirefu, hewa kavu inayopasua midomo, usiku wa Juni na Julai unaomfanya mtu atoe blanketi la pili, na umeme ukikatika hauagi.

Bei ulizoziona ni za kweli, ila tazama zilipotoka. Chatu mpira weupe wa kwanza kuzaliwa kwa mpango wa mfugaji walianguliwa Marekani mwaka 1992. Miaka ile mmoja aliuzwa kwa maelfu ya dola, kwa sababu waliokuwa nao walihesabika kwa vidole. Lakini mnyama huzaana. Kila mnunuzi akawa mzalishaji, na leo huyohuyo mweupe huuzwa kwa mamia. Fedha ilikaa kwa waliotangulia. Wewe ungeingia zaidi ya miaka 30 baadaye, tena ukiwa upande wa dunia ambako soko halipo. Nani Dodoma atanunua? Nje ya nchi? Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Na chatu mpira si wa Tanzania. Yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kuingia kwake halali huacha karatasi za kibali tangu nchi alikotoka. Waombe hizo karatasi. Wakikuambia "hayo mambo tutayamaliza wenyewe", umepata jibu.

Kuna upande ambao video huwa hazikuonyeshi, na huu ndio unaoniuma zaidi. Ipo aina moja inayoitwa spaida, yenye michoro myembamba inayopendeza sana. Jeni yake hutawala, nakala moja inatosha, kwa hiyo ilienea haraka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini jeni ileile iliyochora ngozi huharibu sikio la ndani, mahali pa kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Nyoka anatikisa kichwa, anajizungusha, anapinduka tumbo juu, anakosea kumlenga panya. Mwaka 2022 wataalamu walipiga picha za vichwa vyao na kuonyesha kwamba mifereji ya usawa ndani ya sikio imeumbika vibaya. Kabla ya hapo, mwaka 2018, chama kimoja cha wafugaji wa wanyama watambaao Uingereza kilikataza spaida wasiuzwe kwenye maonyesho yake. Wafugaji walikuwa wameshaliona tatizo kwa miaka mingi, wakaendelea kupandisha kwa sababu mteja alilipa. Mimi sioni uzuri wowote katika rangi inayomnyima kiumbe uwezo wa kukaa wima. Mtu anayependa nyoka kama wewe asiingie kwenye biashara hii kabla hajajiuliza ataishi vipi na mzao wa namna hiyo ndani ya nyumba yake. Na chatu mpira haishi mwaka mmoja miwili: hata miaka 30 anafika akitunzwa. Mwaka 2020 jike mmoja wa Bustani ya Wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60.

Swali la kumpandisha chatu wa Bahi na hao wengine nalijibu kwa kifupi: hapana. Wa kwetu hufikia mita nne na hata kuzidi; wa Afrika Magharibi mara nyingi haendi zaidi ya mita moja na nusu. Yule mkubwa atamwona mwenzake kama chakula.

Sasa mama. Mwambie leo, kabla kikoba hakijavunjwa. Fedha ile ni hisa zake za mwaka mzima, wiki kwa wiki, na alikubali kutoa akiwaza mbuzi au kuku. Kunyamaza kwako kumemwamulia jambo ambalo yeye hajaliamua. Atakasirika kuhusu stoo, na ana haki. Lakini ni afadhali asikie kutoka kwako kuliko kwa jirani aliyechungulia.

Halafu kaa naye uwani utazame wale kuku uliowapita haraka kwenye barua yako. Hamu yako ya kurithisha rangi na maumbo ni hamu nzuri, na pale uwani una shule yake bila kibali cha mtu. Kidimu ana jeni inayotawala nusunusu. Nakala moja hukunja manyoya yakageukia nje. Nakala mbili humpa manyoya membamba yanayokatika, ndege anabaki nusu uchi na baridi ya Julai inamtesa. Ukipandisha kidimu kwa kidimu, kwa wastani robo ya vifaranga watakuwa hao dhaifu. Ukipandisha kidimu kwa kuku wa manyoya ya kawaida, nusu watakuwa vidimu wazuri, nusu wa kawaida, na dhaifu hapatikani. Kishingo naye: mwenye nakala moja huwa na kishada cha manyoya mbele, chini ya shingo, na mwenye nakala mbili shingo iko tupu karibu yote. Nenda kesho asubuhi ukawaangalie, utajua kwa macho nani amebeba ngapi. Tena shingo tupu humsaidia kuku kutoa joto mwilini, na joto la Oktoba na Novemba hapo Dodoma hakuna wa kukusimulia. Ukipata kishingo mwenye umbo kubwa anayetaga vizuri kwenye joto lile, mteja wake yupo Majengo, yupo Sabasaba, yupo hata Dar es Salaam ambako kuku wa Singida na Dodoma wana jina.

Fanya kazi hiyo kwa ukali uleule ambao ungeufanya kwa chatu. Kila kuku wa uzazi avae pete ya mguu yenye namba. Daftari liandikwe mama, baba, tarehe, mayai yaliyowekwa, yaliyoanguliwa, na sura ya kila kifaranga. Mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo mtenge na majogoo wote wiki tatu kabla ya kumpa uliyemchagua, vinginevyo hutajua baba wa yai. Jogoo asipande binti zake. Chanjo ya kideri ya I-2, tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu, isikosekane, maana kideri kikiingia kinafuta kazi ya mwaka kwa siku chache. Siku 21 una majibu ya hesabu yako, wakati kwa chatu ungengoja miaka mitatu.

Mkoa wako una historia ya kazi hii. Ng'ombe wa Mpwapwa walitengenezwa hukohuko Mpwapwa, kwa kuchanganya damu ya Sahiwal na Sindhi Nyekundu kutoka Asia na ya zebu wetu, wakichagua kizazi baada ya kizazi mnyama anayestahimili ukame na bado akatoa maziwa. Kituo cha utafiti wa mifugo kipo hapo hadi leo, na kampasi ya LITA, wakala wa vyuo vya serikali vya mafunzo ya mifugo, ipo hapo pia. Alama zako za PCB ambazo hazikukufikisha ulikotaka huenda zinatosha mlango wa pale. Ulizia sifa za kujiunga. Na kama moyo wako hauwezi kuachana na nyoka, kuna Meserani, nje kidogo ya Arusha, ambako wanafugwa hadharani na watu hulipa kuwaona, na kuna chuo cha wanyamapori cha Mweka. Huko utawashika ukiwa na ujuzi na ruhusa.

Laki tatu idai kwa ujumbe wa maandishi kupitia rafiki yako, umtajie muuzaji sababu moja tu: hajaonyesha vibali. Usikubali kuongezewa nyoka badala ya fedha. Isiporudi, usiongeze hata shilingi kuifuata. Ikirudi, nunua pete za miguu, daftari gumu na wavu wa kutengea vibanda viwili, na mzao wa kwanza uwe wa kidimu kwa kishingo, kila mmoja awe na nakala moja. Kabla mayai hayajaanguliwa andika unategemea wangapi wa kila sura, kisha niletee hesabu yako pamoja na vifaranga waliotoka kweli.

Shangazi